Simu Iliyopelekwa kwa Shangazi

4 Februari

Shikamoo shangazi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepunguza kelele. Sisi hatujambo. Dada na watoto wanakusalimu. Yule mdogo ameota meno ya juu na sasa anamuuma kila anayembeba, akianza na baba yake. Baba yake huyo, yaani shemeji, ndiye atakayekufikishia barua hii, kwa kuwa lori lao siku hizi linapita huko kwenu. Tafadhali usimkaribishe sana. Akianza kuhadithia safari, mizigo ya watu itabaki hapo mlangoni kwako.

Pamoja na barua kuna kifurushi. Ndani yake ni simu yangu. Nimeizima. Nakuomba unitunzie, mbali na mimi, mpaka nitakapokuambia uirudishe.

Najua dada amekwisha kukudokezea, lakini nikueleze mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja alikuja saluni bibi harusi mmoja, harusi ikiwa keshokutwa, akataka nimlainishe nywele. Nilimuuliza kama ametia dawa nyingine yoyote karibuni, maana dawa mbili hazikai kichwa kimoja. Akasema hapana. Kumbe jana yake alijipaka rangi nyumbani. Nilipomwosha, nywele zikatoka pamoja na maji. Zilitoka kama nyuzi za kitambaa kilichooza, shangazi, na mimi nimezishika mkononi.

Akajirekodi akilia, akataja saluni, akaweka na picha yangu. Video ikaenda kila mahali. Watu nisiowajua wakaniita mchawi, wakaniita muuaji wa nywele, wakaniita Bi Kipara. Utasema, si ungeacha kutazama? Sikuweza. Nilisoma kila neno, nikila, nikitembea, nikiwa chooni. Nikifika mwisho narudi mwanzo, nione kama kuna hata mmoja amenitetea. Mikono ikaanza kutetemeka. Nikamchoma mteja sikio kwa pasi ya nywele, na bosi akanitoa kwenye kiti akaniweka kwenye beseni, kuosha vichwa tu.

Mshauri wa pale zahanati ameniambia nipumzike na simu. Niliificha kabatini, nikaifuata. Nikampa dada aifiche, nikagombana naye mpaka akanirushia. Ndiyo maana nimeona ije kwako, ambako siwezi kufika kwa miguu.

Namba ya siri ni mwaka aliozaliwa baba. Nimekupa kwa sababu moja: humo mna picha zake, na sauti zake alizokuwa akinitumia kabla hajafariki. Ukitaka kumsikia kaka yako, msikie. Kule kwenye mtandao usiingie. Ukinihitaji, andika. Usipige hata kwa simu ya dada, maana simu ikilia tu roho inaruka, hata kama si yangu.

Mwanao,
Sindano

20 Februari

Marahaba Sindano wangu, tena marahaba,

Mimi mzima. Unaozeeka ni mgongo peke yake, sehemu nyingine zote bado za kuolewa. Mkwe wangu amefika, amekula, amehadithia. Nimesikia habari za gurudumu lililopasuka, na kila aliporudia lilikuwa limepasuka mahali pengine. Wabusu watoto, na huyo mwenye meno mwambie asimuume mama yake, wengine wote ni halali.

Huku nimepata kazi ya maana. Shule ya hapa jirani imenipa sare zake zote, sketi na mashati, na wanazitaka kabla ya muhula mpya. Mwalimu mkuu amewaacha wale wa kiwandani akaja kwangu, kwa hiyo nimejifungia na cherehani. Sina nafasi ya kukosea hata pindo.

Simu yako imelala kwenye sanduku, chini ya vipande vya bitana. Niliiwasha mara moja tu, nimsikie kaka. Nilidhani nitacheka. Aliposema, "Mwanangu, usisahau kula," ilibidi nisimamishe kazi nishike tama. Tangu aondoke nyumba hii ina kimya cha kukera. Nasema jambo la kuchekesha, nageuka, hakuna mtu. Wewe unajua yeye alivyokuwa akicheka, mpaka anapiga meza na chai inamwagika. Basi, nimeizima.

Wewe kula, lala, osha vichwa vya watu kwa amani. Na wale wasikusumbue. Mtu kama yule Jogoo wa Mtandao, anayekaa kutwa akiandika matusi, nyumbani kwake bila shaka hakuna hata anayemwitikia salamu. Achana naye kabisa.

Shangazi yako

9 Machi

Shikamoo shangazi,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na dada naye amecheka habari ya gurudumu mpaka shemeji akanuna. Tuko wazima. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika viti.

Nalala vizuri. Mikono imetulia, na juzi nilimsuka dada mistari myembamba bila kusimama. Bosi ameona. Ameniambia ikifika mwisho wa Aprili bila kelele yoyote, atanirudisha kwenye kiti. Anasema watu wamekwisha kupata mwingine wa kumtafuna, na mimi wameanza kunisahau. Sijui kama umewahi kufurahi kusahauliwa. Mimi nimefurahi. Nikiwa kwenye beseni najikuta naimba.

Kuna jambo moja linaniwasha. Umemtaja Jogoo wa Mtandao. Umemjuaje? Huyo ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote, na nakumbuka niliamua makusudi nisikuandikie jina lake, nisije nikakutia uchungu. Au nilikuandikia? Kichwa changu bado si cha kuaminika sana. Nijibu shangazi, hata kwa mstari mmoja.

Mwanao,
Sindano

3 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Mimi niko hivyo hivyo. Macho yananiuma, nafikiri ni taa. Sare bado hazijaisha na muda umenibana, ndiyo maana barua imechelewa. Mkwe alipita mara ya kwanza akanikuta sina nafasi ya kuandika.

Huyo Jogoo ulinitajia mwenyewe kwenye barua ya kwanza. Umesahau tu. Mtu akiwa na mawazo husahau, usijitese kwa hilo.

Nilitaka kukuuliza, wewe ndiye mtu wa nywele. Zikishatoka zote namna ile, huchukua muda gani kuota tena?

Wasalimie wote.

Shangazi yako

12 Aprili

Shangazi,

Leo sikuamkii. Nitakuamkia hasira ikishuka.

Barua yako ilipofika niliiamini. Nilikwenda kwa mshauri nikamwambia nimeanza kusahau maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu. Akanitazama vibaya, akanipeleka kwa daktari, daktari akaniongezea vidonge. Nimevimeza. Kutwa nilikuwa nikitembea kama nimelewa, najiuliza ni nini kingine nimekifanya nisichokikumbuka.

Halafu juzi, niko kwenye beseni na kichwa cha mteja mikononi, naona msichana aliyekaa kwenye foleni ameniinulia simu, anachekelea. Nikauliza kuna nini. Wenzangu wakageukia vioo vyao. Nikampokonya mmoja wao simu yake, nikatazama.

Akaunti yangu iko hai. Inajibu watu asubuhi, inajibu mchana. Jogoo wa Mtandao ameambiwa, "Wewe ni suruali iliyoshonwa bila zipu, kila mtu anakuona isipokuwa wewe mwenyewe." Mwingine ameitwa pindo lililopigwa na kipofu. Shangazi, kuna mtu mwingine duniani anayetukana kwa cherehani? Nilisimama pale maji yanamwagika, povu linamwingia mteja machoni.

Hao wangekuwa peke yao ningenyamaza. Lakini na yule bibi harusi umemwandikia. "Kichwa chake sasa ni kitupu nje kama kilivyokuwa kitupu ndani." Maelfu wamecheka. Maelfu wengine wamemfuata kwenda kumrushia ya kwao. Waliokuwa wananila mimi wamehamia kwake, na waliobaki wanakuja saluni kutupiga picha. Moto uliokuwa umezimika umewaka upya, na aliyeuchochea ni wewe niliyekupa simu unitunzie ikiwa imezimwa.

Bosi ameona. Ile ahadi ya kiti nimeacha kuitegemea.

Ulijua nauliza kwa sababu nakiogopa kichwa changu. Ukaniambia nimesahau. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kuliko yote uliyoandika kule. Na mimi nilikudanganya niliposema nalala vizuri, nilikuwa nalala kidogo tu. Sasa silali kabisa.

Izime. Leo hii.

Sindano

30 Aprili

Shikamoo shangazi,

Hukujibu. Shemeji anasema amepita mara mbili. Mara ya kwanza hukufungua mlango. Mara ya pili alikukuta umekaa mbele ya cherehani bila kushona, simu mkononi, ukamwitikia salamu bila kuinua macho. Anasema hukumuuliza watoto hawajambo. Alipoanza kuhadithia safari hukumtania. Amerudi ameingiwa na hofu, na yeye si mtu wa hofu.

Ulikula siku hiyo? Naandika hasira ikiwa imepungua, wasiwasi umeizidi.

Nina habari. Yule bibi harusi alikuja saluni. Alikuja asubuhi, kabla hakujawa na watu, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Wenzangu wakafikiri amekuja kugomba, mmoja akasogea mlangoni. Yeye akaja moja kwa moja kwenye beseni langu, akakaa, akafungua kitambaa. Zimeota, shangazi. Fupi, laini kama za mtoto mchanga. Uliniuliza huchukua muda gani, basi jibu lilikuwa mbele yangu.

Hakuwa na sauti ya ugomvi. Alisema kazini ameacha kwenda, kwa sababu akiingia watu wanageuza simu zao juu chini. Mumewe anamwambia aache kusoma, na yeye anafunga mlango wa chooni ili asome. Nilikuwa namsikiliza najiona mwenyewe. Kisha akanishika mkono na povu lake, akasema, "Nilikuandikia faraghani uniache. Nimekuomba mara ngapi? Hukunijibu hata moja."

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Ningesema si mimi, ni shangazi yangu, simu iko kwake. Ingekuwa kweli, na bosi alikuwa amesimama hapo anasikiliza, na huenda ningepata kiti changu papo hapo. Nilikuona akilini umekaa kama shemeji alivyonieleza. Nikashindwa kukutoa kwa watu wale.

Nikamwambia, "Ni mimi niliyeandika. Nisamehe."

Alilia, nami nikalia, na nikaendelea kumwosha hivyo hivyo. Aliniambia hata yeye alitaka kuifuta ile video siku nyingi. Kila alipotaka, aliona watu wapya wanalia pamoja naye, akaona aiache kidogo. Aliifuta palepale mbele yangu.

Alipoondoka bosi aliniita. Kiti hakunipa, lakini hakunifukuza. Amesema nikae mwezi mmoja zaidi nisikosekane hata siku moja, atatazama.

Shangazi, sasa niambie wewe. Usinitanie, usinipoze. Niambie una hali gani.

Mwanao,
Sindano

9 Mei

Sindano,

Marahaba mwanangu. Mtoto hajambo? Amekwisha kutembea? Naona haya kuuliza nikiwa nimechelewa kiasi hiki.

Umemwambia ni wewe. Nimeisoma hapo nikaacha, nikatoka nje, nikarudi kusoma tena. Sikukutuma ufanye hivyo.

Kazi ya sare imekwenda. Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe akakuta mashati yana mikono iliyoshonwa kinyume, ya kushoto kulia. Akakusanya vitambaa vyake kimya kimya, akanishukuru. Ningependa angenigombeza.

Ulisema nikueleze. Siku ile nilipomsikia kaka, simu ikaleta maandishi yenyewe, yakapita juu ya picha yake. Jogoo alikuwa ameandika kwamba baba yako kama angekuwa hai angeona aibu kukuzaa. Kaka yangu! Ningefanya nini? Nilimjibu kimoja tu. Wallahi kimoja tu. Nilipoiwasha tena kesho yake, watu walikuwa wamecheka. Wengi sana, mwanangu, sijawahi kuona watu wengi hivyo. Wakasema ongeza, wakasema leo umetufurahisha. Mimi hapa nazungumza na ukuta tangu kaka afe, na sasa nasema neno na dunia nzima inapiga meza.

Wa kwanza alistahili. Wa pili pia. Halafu vicheko vikapungua. Nikawa sishoni, nasubiri. Nikatafuta wa kuwachekeshea, nikamwona yule binti. Sikuwa na chuki naye. Alikuwa karibu tu.

Maombi yake niliyasoma yote. Nilitaka kumjibu. Lakini faraghani hakuna anayecheka, na mimi nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa namna hiyo. Na wewe uliponiuliza kuhusu Jogoo, niliona nikikubali utaichukua simu. Nikakuacha ujitilie shaka. Ulikuwa mgonjwa na nilijua.

Nimejaribu kuizima. Naizima, naweka sufuria jikoni, kabla maji hayajachemka nimeiwasha. Uzi hauingii kwenye tundu la sindano. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimekaa.

Sasa nimeandika maneno ya kuomba radhi, niwaambie wote kwamba ni mimi na si wewe. Yameandikika vizuri sana. Kuna mahali watalia, na kuna mahali nina hakika watacheka. Hayajaenda bado. Niyatume? Nakuuliza upesi kwa sababu kidole kiko hapo hapo, na mkwe ananihimiza barua.

Shangazi yako

13 Mei

Shikamoo shangazi,

Usiyatume. Najua ni mazuri, na ndiyo maana nasema usiyatume. Ukiyatuma utakaa kusubiri.

Nakuja. Barua hii ataishusha mwenzake shemeji anayetangulia, mimi nafuata na lori la shemeji, kwa hiyo ukimaliza kusoma nitakuwa njiani. Bosi amesema nikiondoka wiki hii kiti anampa mwingine. Nimemwambia ampe. Alidhani sikusikia, akarudia, nami nikamjibu vilevile.

Yule binti nitamweleza ukweli siku nyingine, ukiwa umekaa nami. Utamwomba radhi kwa mdomo wako, naye atakuwa peke yake, na hakuna atakayepiga makofi. Itakuwa ngumu. Nitakushika mkono.

Usiivunje hiyo simu. Mimi mwenyewe niliwahi kutaka kuivunja, mshauri akaniambia ningekwenda kununua nyingine jioni hiyo hiyo. Iache ndani, toka, kaa mlangoni utazame wanaopita mpaka nifike. Utaona mkono unakwenda wenyewe kutafuta kitu mapajani. Usione haya, wangu ulifanya hivyo wiki nyingi. Unatetemeka, kisha unachoka, kisha siku moja unashangaa umeshona pindo zima bila kukumbuka kitu.

Siji kukugombeza. Hasira ninayo bado, nitakuwa nayo mpaka lini sijui, lakini nimeamua nitaibeba nikiwa hapo kwako kuliko kuibeba nikiwa huku. Dada amenipa vidonge vyangu na nguo za kukaa muda.

Na kuna kitu sikukuandikia. Siku ile nilipokuwa nasoma maneno yako kwenye simu ya mwenzangu, na hasira yote ile, kuna mahali nilicheka. Nilicheka kwa sauti, nikajichukia. Ulichekesha kweli, kama baba alivyokuwa akikusifia. Sasa utanichekesha mimi, mmoja tu, mezani kwako, na nikicheka hutahitaji kuangalia ni wangapi.

Fungua mlango.

Mwanao